Jim Corbett: Mwindaji aliyeibeba India hadi makaburi ya Nyeri

WENGI wanaozuru makaburi ya Kanisa la Mtakatifu Petro mjini Nyeri huwa wamekuja kuliona kaburi moja tu. Hilo ni kaburi la Lord Baden-Powell, mwanzilishi wa chama cha Skauti, aliyeaga dunia Januari 8, 1941. Jiwe lake limechongwa duara lenye nukta katikati, alama ambayo kwa maskauti humaanisha kwamba mwenye safari amekwisha kurejea nyumbani.

Wageni wakishapiga picha, hugeuka wakaenda zao. Si wengi wanaotambua kwamba katika uwanja uo huo amelala mtu mwingine ambaye ng'ambo ya Bahari Hindi jina lake hutajwa karibu kila siku.

Huyo ni Edward James Corbett, almaarufu Jim Corbett, aliyefariki mjini Nyeri Aprili 19, 1955 akiwa na umri wa miaka 79. Nchini India, mbuga ya kitaifa ya kwanza kabisa kuanzishwa imepewa jina lake. Vitabu vyake vingali vinasomwa kote duniani. Wanasayansi nao, mnamo mwaka wa 1968, waliwapa simbamarara wa kusini mashariki mwa Asia jina la kitaalamu linalotokana na lake.

Maisha ya mzee huyu yanawahusu wakazi wa Nyeri na wa miji yote inayouzunguka Mlima Kenya kwa sababu mbili. Kwanza, alitumia umri wake kutafuta jibu la swali ambalo mkulima wa Kieni angali anajiuliza: mnyama wa mwitu anapomuua binadamu, mwenye makosa ni nani? Pili, maisha yenyewe yanatuuliza swali zito zaidi: je, mtu anaweza kuipenda nchi kwa dhati, kisha akashindwa kuishi ndani yake pindi wenyewe wanapoanza kujitawala?

Mtoto wa Naini Tal

Corbett alizaliwa Julai 25, 1875 katika mji wa Naini Tal, ulio katika milima ya Kumaon, kaskazini mwa India. Ukoo wake ulitoka Ireland, lakini yeye mwenyewe India ndiyo iliyokuwa nchi yake ya kuzaliwa. Baba yake, Christopher, alikuwa mkuu wa posta mjini humo.

Baba huyo alifariki mwaka wa 1881, Jim akiwa bado hajatimiza miaka sita. Mama alibaki na kundi la watoto wa kulea kwa mapato madogo. Majira ya joto familia iliishi Naini Tal, na baridi ilipoanza iliteremka hadi Kaladhungi, chini ya milima, ambako msitu ulianzia karibu na ua wa nyumba.

Humo msituni ndimo kijana huyo alimopata elimu yake halisi. Alijifunza kuutambua mlio wa kila ndege na kuelewa ni kwa nini tumbili amepiga kelele. Aliweza kuzisoma nyayo mchangani kama mwanafunzi asomavyo kitabu. Lugha za wakulima wa milimani alizizungumza tangu utotoni.

Akiwa na umri wa miaka 18 hivi aliacha masomo na kuajiriwa katika shirika la reli. Hatimaye alipewa kandarasi ya kuvusha shehena katika kituo cha Mokameh Ghat, kando ya Mto Ganges, mahali ambapo mizigo ilishushwa kutoka garimoshi moja, ikavushwa mto na kupakiwa katika jingine. Kazi hiyo aliifanya kwa zaidi ya miaka 20, huku akibeba mizigo bega kwa bega na vibarua wake.

Shule isiyo na kuta

Katika kitabu chake My India, alichokichapisha mwaka wa 1952 akiwa mkazi wa Nyeri, Corbett anasimulia jinsi alivyofungua shule ya wana wa wafanyakazi wa Mokameh Ghat kwa ushirikiano na Ram Saran, mkuu wa kituo cha reli.

Tatizo lilizuka mapema. Mila za matabaka hazikuwaruhusu watoto wa tabaka la juu kukaa nyumba moja na watoto wa tabaka la chini. Ram Saran alipata ufumbuzi uliowashangaza wengi. Aliamuru kuta za banda ziondolewe. Mila zilikataza kukaa pamoja ndani ya nyumba, lakini hazikusema lolote kuhusu paa lililosimama juu ya nguzo. Shule ikaendelea, na idadi ya wanafunzi ikaongezeka.

Kitabu hicho kinafaa kusomwa na yeyote anayetaka kuijua India ya watu wa chini. Wafalme na magavana hawana nafasi kubwa humo. Wahusika wake ni wachukuzi, wadeni, wajane na wakulima. Mmoja wao ni Chamari, mtu wa tabaka la chini kabisa, ambaye Corbett alimfanya kiongozi wa kikosi cha wapakuzi wa makaa ya mawe, na ambaye kifo chake kwa kipindupindu kiliwaliza watu wa matabaka yote.

Wala wema wake haukuishia vitabuni. Alinunua ardhi katika kijiji cha Chhoti Haldwani, karibu na Kaladhungi, akawapa wakulima mashamba na kuwajengea ukuta wa mawe ili kuwazuia nguruwe mwitu na wanyama wengine wasile mimea yao. Wanakijiji walimwita Carpet Sahib, kwa kuwa jina la Corbett liliwatatiza kulitamka.

Simbamarara wa Champawat

Hata hivyo, sifa zake zilienea zaidi kwa sababu ya bunduki. Mnamo mwaka wa 1907, Corbett aliombwa na serikali kumsaka simbamarara jike aliyekuwa akiwala watu katika eneo la Champawat. Mnyama huyo alidaiwa kuwaua watu 436, takriban 200 kati yao nchini Nepal kabla ya kufukuzwa huko na kuvuka mpaka. Vijiji vizima vilijifungia. Mashamba yalikauka bila mvunaji.

Corbett alimpiga risasi. Kisha akafanya jambo ambalo wawindaji wengi hawakulifanya. Aliuchunguza mzoga. Aligundua kwamba meno ya simbamarara huyo upande wa kulia, la juu na la chini, yalikuwa yamevunjika kutokana na jeraha la zamani la risasi. Mnyama mwenye taya bovu hawezi kumwangusha paa wala nyati. Binadamu ni windo jepesi.

Tangu siku hiyo alishikilia hoja iliyokwenda kinyume na imani ya wakati wake. Alieleza kwamba simbamarara hazaliwi mla watu. Hugeuzwa kuwa hivyo na jeraha, uzee au kukosa windo lake la asili, na mara nyingi jeraha lenyewe limetokana na mwindaji aliyefyatua risasi na asijisumbue kumfuata mnyama aliyemjeruhi.

Kuhusu chui alitoa maelezo tofauti. Aliamini kwamba chui wa Rudraprayag, aliyewaua watu 125 kati ya mwaka wa 1918 na 1926 katika njia ya mahujaji wa Kihindu, alianza kuonja nyama ya binadamu kutokana na maiti zilizotupwa wakati wa maradhi ya mlipuko, waliobaki walipokosa nguvu za kuzichoma kulingana na desturi. Chui huyo alimuua Mei 1926 baada ya kumvizia kwa miezi mingi.

Msomaji wa Kenya hapa atawakumbuka simba wa Tsavo, waliowaua vibarua wa reli mwaka wa 1898 kabla ya Mhandisi John Patterson kuwaangamiza mwezi wa Desemba. Wengi wa vibarua waliokuwa wakiijenga reli hiyo walikuwa wametoka India. Patterson alichapisha kitabu chake mwaka wa 1907, mwaka ule ule Corbett alipokuwa akimsaka simbamarara wa Champawat.

Kutoka bunduki hadi sheria

Kadiri miaka ilivyosonga, Corbett aliiweka kando bunduki na kuishika kamera ya sinema. Alikesha mitini akiwanasa simbamarara kwa picha, na akapita katika shule na mikutano akihubiri kwamba misitu ya India ingebaki maskini endapo simbamarara wangetoweka.

Juhudi zake na za wenzake zilizaa matunda ya kisheria. Mwaka wa 1935 ulipitishwa mswada wa mbuga za kitaifa katika jimbo lililoitwa United Provinces, na mwaka uliofuata ikaanzishwa mbuga ya Hailey, iliyopewa jina la gavana wa jimbo hilo. Ilikuwa ya kwanza nchini India. Baada ya kifo cha Corbett ikabadilishwa jina na kuitwa kwa jina lake.

India huru ilipotunga sheria yake ya kuwalinda wanyamapori mwaka wa 1972, hesabu ya simbamarara nchini ilikuwa imeshuka hadi 1,827. Aprili 1, 1973, mpango wa taifa wa kuwaokoa ulizinduliwa katika mbuga iyo hiyo ya Corbett. Hesabu ya mwaka wa 2022 ilikadiria kuwa wamefikia 3,682. Eneo la Corbett peke yake lilikuwa na 260, idadi kubwa kuliko hifadhi nyingine yoyote.

Katika muda huo alikuwa pia amekuwa mwandishi mashuhuri. Man-Eaters of Kumaon, kitabu kinachosimulia visa vya simbamarara wala watu, kilichapishwa mwaka wa 1944 na kuuzwa kwa mamia ya maelfu ya nakala. Mapato ya kwanza aliyatoa yawasaidie wanajeshi wa India waliopofuka vitani.

Safari ya kuja Nyeri

Agosti 15, 1947 India ilipata uhuru, na nchi ikagawanywa mara mbili. Damu ilimwagika. Kama Waingereza wengine waliozaliwa huko, Corbett na dada yake Maggie, ambao wote hawakuwa wamefunga ndoa, hawakujua nafasi yao ingekuwa ipi katika taifa jipya. Waliiuza nyumba yao ya Naini Tal, na mwishoni mwa mwaka huo wakapanda meli mjini Bombay kuja Mombasa. Corbett alikuwa na umri wa miaka 72.

Afrika Mashariki haikuwa ngeni kwake. Awali alikuwa mshirika katika shamba la kahawa nchini Tanganyika. Mwishowe ndugu hao wawili walikaa Nyeri, katika nyumba ndogo iitwayo Paxtu kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan. Nyumba hiyo ilikuwa imejengewa Baden-Powell, ambaye naye aliwahi kuwa afisa wa jeshi nchini India, na ambaye michezo ya maskauti wake wadogo aliitoa katika hadithi za msituni za Rudyard Kipling, mzaliwa wa Bombay. Mtoto wa Kenya anayemwita kiongozi wake wa skauti Akela analitamka jina la mbwa mwitu wa hadithi za India.

Kwa hakika India ilikuwa imetangulia kufika. Fedha ya kwanza ya serikali ya kikoloni hapa ilikuwa rupia, iliyotumika hadi mwaka wa 1920. Hadi mwaka wa 1930, makosa ya jinai yaliamuliwa kwa Kanuni ya Adhabu ya India. Nayo maduka ya Wahindi ndiyo yaliyowauzia wenyeji wa Nyeri, Karatina na Nanyuki chumvi, sukari na vitambaa.

Corbett alikaa kwenye kibaraza kilichouelekea Mlima Kenya, akaandika. La kustaajabisha ni kwamba macho yake yalikuwa Nyeri ilhali kalamu yake ilikuwa Kumaon. My India, Jungle Lore cha mwaka wa 1953 na The Temple Tiger cha mwaka wa 1954 vyote vinahusu nchi aliyoiacha. Aidha, aliendelea kuilipa kodi ya ardhi ya wakulima wa Chhoti Haldwani hadi kifo chake.

Usiku wa mugumo

Kitabu kimoja tu alikiandika kuhusu Kenya, nacho kinasimulia usiku mmoja. Februari 5, 1952, Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, aliyekuwa na umri wa miaka 25, alifika na mumewe Philip katika hoteli ya Treetops, iliyokuwa imejengwa juu ya mti wa mugumo katika msitu wa Nyandarua. Corbett, mwenye umri wa miaka 76, alialikwa aandamane nao.

Alasiri na jioni walitazama ndovu na vifaru wakinywa maji. Wageni walipolala, mzee huyo alikesha karibu na ngazi, akiwalinda. Usiku huo huko Uingereza, Mfalme George VI alikuwa akikata roho usingizini. Habari zilimfikia bintiye siku iliyofuata katika nyumba ya Sagana, karibu na Kiganjo.

Corbett aliliandika tukio hilo katika kitabu cha wageni, na wazo lake kwamba mwanamke huyo alipanda mti akiwa binti mfalme na kushuka akiwa malkia limerudiwa na waandishi wasiohesabika.

Kwa Waagikuyu, mugumo ni mti mtakatifu, mahali pa sala na sadaka. Katika simulizi za malkia jambo hilo halitajwi sana.

India nyingine

Ilikuwapo India nyingine iliyofika Nyeri miaka hiyo, nayo haimo katika vitabu vya Corbett. Mnamo mwaka wa 1950 Makhan Singh, mzaliwa wa Punjab na kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alitangaza hadharani katika ukumbi wa Kaloleni jijini Nairobi kwamba Afrika Mashariki yapaswa kupewa uhuru. Alikamatwa mwezi uliofuata. Kesi yake ilisikizwa mjini Nyeri mbele ya Jaji Ransley Thacker, mji ule ule ambamo Corbett alikuwa akiandika kumbukumbu zake. Makhan Singh alizuiliwa hadi mwaka wa 1961.

Oktoba 1952 Hali ya Hatari ilitangazwa. Jaji Thacker ndiye aliyemhukumu Jomo Kenyatta na wenzake huko Kapenguria, na miongoni mwa mawakili wa utetezi alikuwamo Diwan Chaman Lall, mbunge aliyetoka India huru. Nchi ambayo Corbett aliihama ilipojikomboa sasa ilikuwa imeletwa Kenya na mawakili kuwatetea waliotaka kujikomboa.

Vita vilifika hadi mlangoni pake. Msitu wa Nyandarua ulipigwa marufuku kwa raia na kushambuliwa kwa mabomu. Wapiganaji waliojificha humo waliishi kwa maarifa ambayo Corbett aliyaenzi kuliko yote: kusoma nyayo, kutembea bila kuvunja kijiti, kusikiliza ndege wanapotoa habari za mgeni. Mei 27, 1954 Treetops iliteketezwa na wapiganaji hao, na mugumo wake ukaungua.

Mtu aliyewaandika kwa upendo vibarua wa Mokameh Ghat hakutuachia kitabu kama hicho kuhusu wakulima wa Nyeri waliokuwa wakihamishwa kwa nguvu na kurundikwa katika vijiji vyenye ulinzi. Pengine alikuwa amezeeka mno. Pengine pia hakuwajua, kwa kuwa hakukulia miongoni mwao wala hakunena lugha yao. Haki yake iliwafikia wale aliowafahamu, ikakomea hapo.

Urithi wake

Tree Tops, kitabu kuhusu usiku ule, alikikamilisha muda mfupi kabla ya moyo wake kusimama. Kilichapishwa baadaye mwaka uo huo wa 1955. Maggie aliendelea kuishi hadi mwaka wa 1963, mwaka ambao Kenya nayo ilipata uhuru. Ndugu hao walikuwa wameukimbia uhuru wa nchi moja, na wa pili ukawafuata hadi Nyeri.

Leo mkulima anayepakana na misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya angali anakesha akiwafukuza ndovu shambani. Ua wa umeme wa takriban kilomita 400 kuuzunguka msitu wa Nyandarua, uliokamilishwa mwaka wa 2009, ni ndugu mkubwa wa ukuta wa mawe wa Chhoti Haldwani. Sheria ya wanyamapori ya mwaka wa 2013 iliweka fidia ya Sh5 milioni kwa familia ya anayeuawa na mnyama, japo kilio cha kucheleweshwa kwa malipo kimesikika mara nyingi.

Hapa ndipo fikra za Corbett zinapofaa. Hakuwahi kumwambia mwanakijiji wa Champawat avumilie kuliwa kwa ajili ya uzuri wa msitu. Alimlinda kwanza, kisha akauliza ni nani aliyemvunja mnyama meno. Uhifadhi unaomsahau mwenye shamba ni bure, na hasira inayomsahau mnyama aliyenyang'anywa msitu wake ni upofu.

Anayekwenda kulizuru kaburi la Baden-Powell hatapoteza chochote akitembea hatua nyingine kidogo hadi kwa jirani yake. Atamkuta mtu aliyeyatoa maisha yake kwa nchi ya mbali, akaja kulala katika udongo ambao hakuwahi kuuandikia ipasavyo.